Safari ya Shambani: Twende na Maswali, Turudi na Kazi

(Maneno yaliyosemwa na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya Kibera na Kawangware, Nairobi, mbele ya vikundi vya vijijini)



Tumeombwa tuseme machache juu ya safari za siku moja ambazo vikundi vyetu hufanya kutoka mjini kwenda mashamba ya nyanda za juu, upande wa Limuru, Tigoni na Githunguri. Tumekubali kwa furaha, maana kati yenu wako wanaopokea wageni kama sisi, na wako wanaopanga kwenda kuwatembelea wakulima wa kaunti nyingine.

Neno letu ni moja. Safari ya shambani ina faida ikiwa wageni wamekwenda na maswali, mwenyeji naye amepata kitu, na kazi imeanza kabla ya mwezi kuisha. Yakikosekana hayo matatu, yale ni matembezi tu, na matembezi ni ya mwenye pesa.

SISI NI WATU GANI

Wengine wakisikia Kibera na Kawangware hufikiri ni watu wasiojua jembe. Sivyo. Wengi wetu tulizaliwa shambani: Vihiga, Siaya, Machakos, Nyeri. Hata jina Kibera latokana na neno la Wanubi lenye maana ya msitu. Wanubi walipewa makao pale mwanzoni mwa miaka ya 1900, baada ya kutumika katika jeshi la Waingereza, na walilima na kufuga pale pale. Leo nafasi ya jembe imekwisha, nyumba imeshikana na nyumba.

Chakula tunakinunua kila siku, kidogo kidogo. Mama ananunua sukuma wiki ya jioni hiyo, nyanya mbili, kitunguu kimoja, viazi mkebe mmoja. Hakuna ghala na hakuna akiba. Kwa hivyo mvua ikikosekana Nyandarua, au barabara ikiharibika Limuru, sisi twajua siku hiyo hiyo kwa bei ya kibanda.

Mwanzoni mwa 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, chakula kilikuwa haba Kibera na bei ikapanda sana. Mwaka huo shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités lilianza kufundisha watu wa Kibera kupanda mboga ndani ya magunia. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, katikati hupangwa mawe madogo kama nguzo ili maji yafike chini, na pembeni hutobolewa mashimo ya kupandia miche. Sukuma wiki na spinachi hukaa pembeni, vitunguu au dhania juu. Magunia hayo ndiyo yaliyotupa maswali ya kwanza ya kupeleka kwa wakulima. Mtu asiyelima chochote hana la kumwuliza mkulima.

KWA NINI LIMURU

Limuru si mbali. Ni kama kilomita 30 kutoka katikati ya Nairobi. Sisi wa Kawangware hutoka kwa barabara ya Naivasha hadi Uthiru, tukapita Kikuyu, tukapanda. Kibera iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Limuru imepita mita 2,200. Ukishuka kwenye gari unavaa sweta, na hapo umeshaanza kujifunza: baridi ile na mvua ile ndizo zinazofanya chai na viazi vikubali.

Chai ilipandwa Limuru mara ya kwanza mwaka 1903, na pale Kiambethu, Tigoni, mlowezi aitwaye McDonell alipanda chai ya biashara mwaka 1918. Watalii huenda huko mpaka leo, wakanywa chai, wakaelezwa jinsi inavyochumwa, wakalipa, wakarudi hotelini. Hatuwasemi vibaya. Ni biashara halali, na inalisha watu. Lakini mtalii analipia kupumzika. Sisi tunalipa kwa mchango wa chama. Nauli, chakula na siku moja bila kazi, ukijumlisha, ni mtaji wa kibanda wa siku kadhaa. Katika mkutano wetu mama mmoja aliuliza waziwazi: "Nikienda kuangalia ng'ombe wa mwenyewe, mimi nitauza nini kesho?" Swali hilo tulilichukua kuwa sheria yetu. Kila safari lazima imjibu mama huyo.

TULIYOFUNDISHWA NA WENYEJI

Chai. Tunakunywa chai asubuhi na jioni, na wengi wetu tulikuwa hatujashika mti wake. Mchumaji huchukua majani mawili na kichipukizi, akarudi tena kwenye shina hilo baada ya wiki moja au mbili. Jani lazima lifike kiwandani siku hiyo hiyo. Kilo 100 za majani mabichi hutoa chai kavu kama kilo 22 au 23 tu, kilichobaki ni maji yaliyokwenda hewani. Mkulima mdogo hulipwa kidogo kila mwezi kwa kila kilo, halafu mara moja kwa mwaka hupata bonasi. Mzee mmoja alituambia kwamba pesa za mwezi ni za chumvi na sabuni, za bonasi ni za karo na mabati, na anayezichanganya hajengi. Vijana wetu wa vibarua waliandika neno hilo kuliko maneno yote ya chai.

Maziwa. Upande wa Githunguri tulitaka kujua maziwa ya pakiti tunayoyaona madukani Kibera yanatoka wapi. Ushirika wa wafugaji wa Githunguri ulianzishwa mwaka 1961, na kiwanda chao cha kupakia maziwa kikaanza mwaka 2004. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya miaka 40 ya kukusanya maziwa, kupima, kuandika vitabu na kulipana, kabla ya kiwanda. Vikundi vyetu vikitimiza miaka miwili vinataka kununua basi!

Samadi. Hapa ndipo magunia yetu yalipata dawa. Tuliuliza kwa nini sukuma ya gunia huanza vizuri halafu majani yanageuka njano. Mama mwenye shamba akauliza kwanza: "Mnamwagilia mara ngapi?" Tukamjibu, karibu kila siku. Akasema maji mengi yanaosha chakula cha mmea, na gunia ni dogo, halina pengine pa kutoa. Akatuonyesha chai ya samadi. Unatia samadi ndani ya gunia dogo, unalifunga, unaliweka ndani ya pipa la maji, unafunika. Kila baada ya siku mbili tatu unakoroga. Baada ya wiki mbili hivi unachota, unaongeza maji mpaka rangi iwe kama chai hafifu, unamwaga kwenye udongo karibu na shina. Usimwage juu ya majani, maana hayo ndiyo tunayokula, na kabla ya kupika yaoshwe vizuri. Dawa hiyo haikutaka duka.

GUNIA LENYE KILEMBA

Sasa tuseme juu ya viazi, kwa sababu hapo ndipo nyinyi na sisi tunaumia pamoja bila kujuana.

Gunia la viazi linapotoka shambani mara nyingi huwa limeongezewa kipande cha gunia juu, likashonwa kwa kamba kama kilemba. Linaitwa gunia moja, lakini ukilipima unakuta kilo 150 au zaidi. Sheria ipo. Kanuni za viazi za mwaka 2019, chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, zinasema gunia lisizidi kilo 50. Lakini kanuni haipimi viazi, mizani ndiyo hupima. Bado magunia ya kilemba yanaonekana barabarani.

Tuseme, kwa mfano tu, bei ya gunia ni shilingi 3,000. Gunia likiwa la kilo 100, mkulima ameuza kilo kwa shilingi 30. Likiwa la kilo 150, ameuza kwa shilingi 20. Yeye anasema, "Bei ni ile ile ya jana." Sivyo, imeshuka kwa theluthi moja. Je, kilo 50 zile zilikwenda wapi? Hazikuja Kawangware kwa bei nafuu. Mama wa kibanda ananunua Marikiti kwa kipimo cha Marikiti, naye anauza kwa mkebe. Mkulima amepunjwa kilo 50, na mama mboga hakupata hata kiazi kimoja cha bure. Kitabu cha Mithali kinataja mizani ya hila zaidi ya mara moja, na hakiisifu hata mara moja.

Ndiyo maana siku hizi gari letu halitoki bila mizani ya kuning'iniza. Mara ya kwanza tulipoitundika kwenye mti, wenyeji walikuja kutazama kuliko walivyotutazama sisi. Gunia lilipimwa, watu wakanyamaza, halafu mzee akasema, "Lete lile lingine." Jioni ile akina mama wa Kawangware walikubaliana na kikundi cha wakulima: magunia ya kilo 50, yapimwe mbele ya wote, pesa zitumwe kwa M-Pesa gunia likiwa bado chini ya mizani.

Tusiwadanganye, si rahisi. Gari la kubeba magunia sita linakula faida yote. Kwa hivyo Kibera na Kawangware huagiza pamoja siku moja, magunia yafike 20 au zaidi, ndipo nauli ishuke. Kuna ushuru wa kaunti, uulizwe mapema. Kuna mvua, njia ya shamba inakuwa matope. Na viazi vya Shangi, ambavyo soko linavipenda, huota haraka vikishachimbwa, hivyo mkulima hawezi kukaa navyo akingoja wateja wa mjini wachange pesa. Broka pia tusimtukane ovyo. Yeye hukusanya, husafirisha, na vikioza ni hasara yake. Tunachokataa ni kipimo chake, kazi yake ni halali. Mkulima akishajua uzito, hata akiuza kwa broka anauza akiwa macho wazi.

NA SISI TULIKUWA NA LA KUFUNDISHA

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wengi wa shamba hawamponyi mwenyeji. Wanamkanyagia nyasi, wanamla ndizi, wanampigia makofi, wanaondoka. Mara ya tatu mwenyeji anasema ana matanga.

Sisi tulijiuliza, tunajua nini ambacho mkulima hajui? Tukakuta tunajua soko. Mkulima mmoja alijivunia kabeji kubwa kama ngoma. Mama mboga akamwambia kwa heshima, "Mzee, hii ni nzuri kwa hoteli ya shule. Kwetu Kibera mtu ana familia ya watu wanne na hana friji. Anataka kabeji ndogo aimalize leo. Hii itabidi niikate, na ikikatwa, kesho imeharibika." Mzee akauliza atapataje kabeji ndogo. Mwenzake akajibu, zipande karibu karibu zaidi. Yule wa kukaanga chipsi naye akasema anataka viazi vikubwa vinavyolingana, vya kuchemsha vya nyumbani vyaweza kuwa vidogo. Basi kiazi kile kile, kikichambuliwa shambani, kina wateja wawili. Tukaona wenyeji nao wanatoa kalamu.

BEBA NJIA, USIBEBE MBEGU

Neno hili ni zito, tusikilizane. Mgeni akiona kitu kizuri anataka kipande akapande kwao. Msifanye hivyo.

Viazi vina ugonjwa wa mnyauko wa bakteria. Unasafiri ndani ya mbegu, ndani ya maji, na ndani ya udongo ulioshika viatu. Kiazi kinaweza kuonekana kizima na kumbe kimebeba. Mwenyeji alituonyesha jinsi ya kupima. Kata kipande kifupi cha shina karibu na udongo, ukisimamishe ndani ya glasi ya maji safi bila kutikisa. Baada ya dakika chache, ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinateremka, ni mnyauko. Shamba likishaingiwa, ni miaka. Mbegu ya viazi itafutwe kwa wanaozalisha mbegu safi. Pale Tigoni kuna kituo cha utafiti wa viazi cha serikali, waulizeni hao.

Nepia ni hivyo hivyo. Nyasi hizo zina ugonjwa wa fugwe katika sehemu za kati ya Kenya, na magharibi kuna ugonjwa wa kudumaa. Ukichukua vipande Limuru ukavipeleka Vihiga kwa ng'ombe wa mama yako, waweza kupeleka ugonjwa wa huku ukaukutanisha na wa kule. Kuna nepia zilizochaguliwa kwa kuvumilia fugwe, kama Kakamega 1. Mwulize afisa wa kilimo wa kwenu.

Tena si kila kinachokubali Limuru kitakubali Makueni. Chai haitaki joto lile. Lakini kupima kwa mizani kunakubali kila mahali. Chai ya samadi inakubali. Kuchambua mazao kunakubali. Hiyo ndiyo njia, na njia haina ugonjwa.

JINSI TUNAVYOPANGA

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 13, Musa aliwatuma watu 12 kwenda kuitazama nchi. Hakupeleka taifa zima. Alichagua mmoja kwa kila kabila, akawapa maswali: udongo ni mzuri au mbaya, kuna miti au hakuna. Akawaambia walete matunda. Nao waliporudi walitoa habari mbele ya watu wote. Sisi tumefuata mpango huo.

Kabla ya safari:
1. Kikundi kinachagua watu wawili au watatu, si wale wale kila mara. Vikundi vichache vinajaza gari moja.
2. Kila mjumbe anapewa swali moja lililoandikwa na kikundi. Asiye na swali hapandi gari.
3. Anayetuongoza ni mtu anayelijua eneo na lugha ya wenyeji, naye huenda mapema kuwauliza kama siku hiyo inawafaa. Siku ya kuchuma chai au siku ya matanga, hatuendi.
4. Malipo ya mwenyeji yanakubaliwa wazi. Mkulima anayefundisha kutwa nzima hakuchuma chochote siku hiyo.

Siku yenyewe:
5. Tunafika na viatu vilivyooshwa, na tunaviosha tena kabla ya kuingia shamba la pili. Tunapita njiani, hatukanyagi matuta. Ng'ombe hashikwi bila ruhusa.
6. Shamba mbili zinatosha. Ukitembelea tano umeona barabara tu.
7. Tunauliza pia juu ya hasara. "Ni nini kilikushinda?" Swali hilo hufungua mdomo kuliko "Ni nini kilikufanikisha?"
8. Kabla ya kuagana, kila mtu anasema mbele ya mwenyeji jambo moja atakalolifanya.

Baada ya safari:
9. Jumapili inayofuata wajumbe wanatoa habari kwa kikundi kizima, pamoja na hesabu ya pesa hadi shilingi ya mwisho.
10. Baada ya wiki nne tunakagua. Waliofanya wanaonyesha. Ambao hawakufanya wanasema ni kwa nini, bila kuaibishwa.
11. Tunampelekea mwenyeji habari. Mpigie simu, mwambie, "Mama, sukuma imerudi kijani." Mwalimu akisikia hivyo, mlango wake hautafungwa.

NENO LA KUAGANIA

Ndugu zetu wa vijijini, mjini na shambani tumetenganishwa na watu wengi wa katikati, hata mkulima akadhani mla chakula ni tajiri, na mla chakula akadhani mkulima ndiye anayepandisha bei. Tukikutana chini ya mti, na mizani ikining'inia katikati yetu, tunaona wote ni watu wa chama kimoja cha wenye kuhangaika. Tunawaalika nanyi mje kwetu. Njooni Kawangware asubuhi sokoni, njooni Kibera jioni wakati mama anakata sukuma nyembamba mlangoni. Mtaona mazao yenu yanavyomaliza safari yake, nanyi mtarudi na maswali ya kwenu.



MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Safari ya mwisho ya kikundi chetu iligharimu nini, na ni kazi gani iliyoanza baada yake?
2. Wageni wakija kwetu, tunataka watuachie nini?
3. Je, tuna mizani? Kama hatuna, tuchange namna gani?
4. Ni magonjwa gani ya mazao na mifugo yanayoweza kuingia kwetu kwa miguu ya wageni, na tutayazuiaje?